Breki ambayo haiuzwi duka la dawa

Kuna maneno yanazunguka kwenye simu za watu kwamba kiganja kimoja cha korosho kina nguvu sawa na kidonge cha sonona. Sababu inayotolewa ni kwamba korosho ina triptofani, triptofani ndiyo malighafi ya serotonini, na serotonini ndiyo kemikali ya furaha. Ingekuwa hivyo, watu wa Kitangari, Newala, Tandahimba na Masasi wasingeijua huzuni, na Bodi ya Korosho ingehamishiwa Wizara ya Afya. Ni kweli korosho ina triptofani ya kutosha, kuliko mahindi na muhogo tunaosongea ugali. Lakini kuingia ubongoni ni habari nyingine. Triptofani hupita mlango mmoja na asidi amino wenzake waliotoka kwenye protini ileile, na katika msongamano huo yenyewe ndiyo chache, kwa hiyo nyingi huachwa nje. Hata ikiingia, serotonini haipikwi kama uji, kwamba ukiongeza unga chungu kinajaa. Kosa lililomo kwenye ujumbe huo wa korosho ndilo lililomo kwenye mazungumzo yetu kuhusu mirungi, kokeini na methamfetamini: tunaipa kemikali moja kazi moja, kisha tunaamini kilichoharibika kwa kuzidisha kitapona kwa kujazia.

Hoja yangu ni hii. Ubaya mkubwa wa vichangamshi kama hivyo ni ule uwezo wa kujizuia ambao vinauondoa taratibu, kuliko raha ambayo kila mtu anaizungumzia. Na mfumo wetu wa tiba, uliojengwa kwa ajili ya waraibu wa heroini, haujajiandaa kwa ubaya wa namna hiyo. Ili hoja isimame, lazima kwanza serotonini ivuliwe lile jina la furaha.

Serotonini iligunduliwa zaidi ya mara moja. Vittorio Erspamer wa Italia aliikuta kwenye utumbo miaka ya 1930 akaiita enteramini. Mwaka 1948, Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page huko Cleveland, Marekani, waliitoa kwenye damu wakaona inabana mishipa, wakaipa jina tunalolitumia leo. Mwaka 1953 ndipo Betty Twarog alipoionyesha ndani ya ubongo. Hadi sasa karibu sehemu tisa kwa kumi za serotonini ya mwili ziko tumboni, zikiendesha utumbo. Ile ya ubongoni hutengenezwa na seli za neva laki chache tu, zilizokaa kwenye shina la ubongo, katikati ya seli zipatazo bilioni 86. Ila matawi ya seli hizo chache yanafika karibu kila pembe. Ndiyo maana serotonini inagusa usingizi, njaa, joto la mwili, maumivu, hasira na subira. Kuiita kemikali ya furaha ni sawa na kumwita mwenyekiti wa kijiji mpiga ngoma kwa kuwa alionekana siku ya sherehe.

Mkazi wa uwanda wa Makonde hahitaji somo kuhusu pampu. Juu uwandani ardhi inanyonya maji ya mvua na kuyapoteza chini sana, na maji ya bomba yanayofika Newala yanatoka chanzo cha Mitema, kwenye bonde la Kitangari, yakisukumwa na pampu kupanda mlima. Pampu zikizimika, ndoo zinapanga foleni. Ubongo nao una pampu zake. Seli ya neva ikitaka kumpa jirani yake ujumbe, humwaga kemikali kidogo kwenye mwanya ulio kati yao, kisha pampu zilizo kwenye ukuta wake huivuta kemikali hiyo irudi ndani ili itumike tena. Kuna pampu ya serotonini, kuna ya dopamini, kuna ya noradrenalini. Kokeini huziba zote tatu, kemikali zikabaki zimetuama kwenye mwanya. Amfetamini na methamfetamini zina hila zaidi: huingia ndani ya seli kwa kupitia pampu yenyewe, halafu huigeuza izungukie upande wa pili, ikawa inamwaga nje ilichotakiwa kuvuta ndani. Akiba yote inatoka kwa mkupuo. Fikiria Mitema inayoyanyonya maji kutoka kwenye matangi ya Newala na kuyarudisha bondeni. Siku ya kwanza bonde litafurika, siku ya pili mji mzima una kiu.

Kila dawa ina pampu inayoipenda. Richard Rothman na Michael Baumann, watafiti wa Marekani, walipima mwaka 2001 ni kiasi gani cha kila dawa kinatosha kumwaga kila kemikali. Methamfetamini iliitoa dopamini kwa dozi ndogo karibu mara 30 kuliko dozi iliyohitajika kuitoa serotonini. Ekstasi, dawa ya disko, ilikuwa kinyume chake: huanza na serotonini. Na kathinoni, ile kemikali iliyo ndani ya majani mabichi ya mirungi, ilionekana katika vipimo vya baadaye kuwa na upendeleo mkubwa kuliko wa methamfetamini, kwani ilihitaji dozi zaidi ya mara 100 kuigusa serotonini kuliko kuigusa dopamini. Kathinoni yenyewe ilitambuliwa mwaka 1975 na maabara ya Umoja wa Mataifa, miaka zaidi ya 200 baada ya mtaalamu wa mimea Peter Forsskål kuuandika mti huo akiwa Yemeni, ambako alifariki mwaka 1763. Haikai: jani likinyauka, ndani ya siku mbili hivi sehemu kubwa imegeuka kuwa kitu dhaifu zaidi. Ndiyo sababu magari yanayobeba mirungi kutoka Maua, Meru, yanakimbia kama yanakimbizwa, na mafungu yanaviringishwa kwa majani ya migomba yasikauke.

Kwa hesabu hizo msomaji mwepesi atasema basi serotonini haihusiki, dopamini ndiyo kila kitu. Wanasayansi wenyewe walikuwa wakielekea huko hadi mwaka 1998, panya walipowaharibia hesabu. Beatriz Rocha na wenzake walichukua panya waliozaliwa bila pampu ya dopamini kabisa. Kama raha ya kokeini inatokana na kuziba pampu hiyo, panya hao hawakupaswa kuitaka, maana cha kuziba hakipo. Waliitaka. Walijifunza kubonyeza kijiti wapewe kokeini kama panya wengine. Mwaka 2001 kundi la Ichiro Sora na George Uhl likaonyesha kwamba panya waliacha kuipenda kokeini pale tu walipokosa pampu zote mbili, ya dopamini na ya serotonini. Kumbe serotonini ilikuwamo. Lakini panya aliyezaliwa bila kiungo fulani hujipanga upya tangu tumboni mwa mama yake, kwa hiyo jaribio hilo lilithibitisha kwamba serotonini ina nafasi bila kutueleza ni nafasi gani.

Jibu lenye mwanga zaidi lilikuja mwaka 2021, kutoka maabara ya Christian Lüscher, Chuo Kikuu cha Geneva. Kule walikuwa wakiuliza swali ambalo kila mzazi mwenye kijana mraibu huuliza usiku: kwa nini huyu na si yule? Panya wakizoezwa kujipatia kokeini, kisha wakaanza kupigwa shoti ya umeme miguuni kila wanapoichukua, wengi huacha. Karibu mmoja kati ya watano haachi. Anavumilia maumivu, anaendelea kubonyeza. Watafiti hao walitumia panya ambao pampu yao ya serotonini ilibadilishwa kidogo, kokeini isiweze kuishika, huku ya dopamini ikiachwa kama ilivyo. Idadi ya panya wasioacha ikapanda sana. Yaani serotonini iliyokuwa ikituama kwa sababu ya kokeini ndiyo iliyokuwa ikiwazuia walio wengi wasipitilize. Ilikuwa breki, na breki hiyo ilikuwa imekuja ndani ya gari lilelile linalokwenda kuua.

Ukiunganisha jaribio hilo na vipimo vya Rothman na Baumann, unapata picha inayotisha kidogo. Methamfetamini inakanyaga mafuta kwa nguvu na kuigusa breki kwa mbali. Na ikitumika muda mrefu, inaelekea kuichakaza hata breki uliyozaliwa nayo. Mwaka 2006 Yoshimoto Sekine na wenzake, huko Hamamatsu, Japani, walipiga picha za ubongo wa watu 12 waliowahi kutumia methamfetamini na kuacha, wakawalinganisha na 12 wasiowahi kuitumia. Pampu za serotonini zilikuwa zimepungua kwa waliotumia, zaidi kwa waliotumia miaka mingi, na waliopungukiwa zaidi ndio waliokuwa na hasira za haraka zaidi. Watu 12 ni wachache, nakubali. Picha ya leo pia haisemi mtu alikuwaje kabla ya dawa. Huenda wengine walizaliwa na hasira zao. Hata hivyo inafanana na kinacholalamikiwa na familia. Mama wa kijana anayetumia hasemi mwanangu ana raha kupita kiasi. Anasema halali, hali, ukimgusa kidogo anawaka.

Hapa inafaa tahadhari, na tahadhari bora katika uwanja huu ni kisa cha chupa mbili. Septemba 2002 kundi la George Ricaurte wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins lilichapisha katika jarida la Science kwamba ekstasi, kwa dozi ambayo vijana huitumia usiku mmoja wa disko, iliharibu vibaya mfumo wa dopamini wa nyani. Habari ilienea dunia nzima, wanasiasa wakaishika. Mwaka mmoja baadaye watafiti wenyewe wakaifuta makala yao: lebo za chupa zilikuwa zimepishana, na karibu nyani wote walikuwa wamechomwa methamfetamini. Wapinga sayansi hukitumia kisa hiki kusema wataalamu wanabahatisha. Mimi nakisoma vingine. Kosa liligunduliwa kwa sababu watafiti walirudia jaribio lao wakashindwa kupata jibu lilelile, wakatafuta sababu mpaka kwenye lebo. Na bila kukusudia walitukumbusha kwamba dawa hizi mbili zinazofanana kwa sura ya kikemia zinaumiza sehemu tofauti za ubongo. Anayeziweka zote kwenye kapu moja la “madawa” anafanya kosa la zile lebo, tena kwa makusudi.

Yupo atakayenikumbusha kwamba nadharia ya serotonini imeshakufa. Mwaka 2022 Joanna Moncrieff na wenzake wa London walipitia tafiti za miongo kadhaa wakasema hakuna ushahidi thabiti kwamba sonona inasababishwa na upungufu wa serotonini. Pingamizi hilo ni zito, na kwa sehemu kubwa nalikubali. Ni jiwe jingine kwenye kaburi la ujumbe wa korosho. Lakini linahusu sonona na chanzo chake. Kwamba kokeini inaziba pampu ya serotonini halijapata kuwa jambo la nadharia. Hupimwa kwenye sahani ya maabara, na anayetaka kulipinga ana mashine za kupimia. Kushindwa kwa dai moja kuhusu huzuni hakufuti kila sentensi iliyowahi kuandikwa yenye neno serotonini.

Wa pili ni mtafuna gomba. Atasema mirungi ni jani kama chai, Wameru wamelitafuna vizazi na vizazi, mzee anakaa barazani na fungu lake jioni nzima bila kumdhuru mtu, na Shirika la Afya Duniani lenyewe liliona mwaka 2006 kwamba hakuna haja ya kuliweka chini ya udhibiti wa kimataifa. Hayo ni kweli, na sioni aibu kuyakubali. Kutafuna ni breki ya aina yake: taya zinachoka, tumbo linajaa, kathinoni inaingia kwa saa nyingi, pole pole. Methamfetamini inayovutwa kwa moshi inafika ubongoni ndani ya sekunde. Kemikali ndugu, mwendo tofauti, na madhara hufuata mwendo. Chai, kwa taarifa tu, haimo kabisa kwenye ukoo huu, kwa kuwa kafeini inafanya kazi yake kwenye kemikali nyingine, adenosini. Ila kwa dereva wa lori anayeongeza fungu juu ya fungu ili asilale, breki ya taya haitoshi. Kenya imeruhusu mirungi, Tanzania imeipiga marufuku, Uingereza iliipiga marufuku Juni 2014. Kila nchi ina sababu zake, nyingi zikiwa za siasa na biashara kuliko za ubongo. Ningependa kuona maofisa wakitumia nguvu chache zaidi kung’oa mashamba ya Same na nyingi zaidi kuuliza kwa nini dereva anapewa ratiba ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuitimiza.

Pingamizi la tatu ndilo linalonisumbua, kwa kuwa lina sura ya busara: mambo haya ni ya Dar es Salaam na Mombasa, Kitangari shida yetu ni maji na bei ya korosho, na kijana akilewa amelewa uraka au gongo. Leo huenda ni hivyo. Lakini tazama ramani. Ukisimama Newala pale Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma liko chini yako na Msumbiji iko ng’ambo. Pwani ya kaskazini ya Msumbiji kwa miaka mingi imekuwa njia ya heroini inayokuja kwa majahazi kutoka upande wa Iran na Pakistani, na majahazi hayo siku hizi yanabeba pia methamfetamini, ambayo Waafghani walijifunza kuitengeneza kutokana na mmea wa efedra unaoota porini kwao. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa. Iringa iko mbali na bahari. Mzigo unaopita mahali huacha punje njiani. Heroini ilifika vichochoroni Tanga na Unguja kwa namna hiyohiyo, wapita njia wakilipwa kwa bidhaa. Na uwanda wa Makonde una kitu ambacho muuzaji anakipenda, nacho ni fedha taslimu zinazoingia kwa pamoja, kuanzia Oktoba minada inapofunguliwa, mikononi mwa vijana ambao miezi mingine hawana kitu.

Sasa tuje kwenye tiba, ambako hesabu za pampu zinageuka kuwa hesabu za bajeti. Februari 2011 Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini, ikawa ya kwanza katika nchi za bara kusini mwa Sahara kufanya hivyo kupitia mfumo wa serikali. Ilikuwa kazi ya kujivunia, na kliniki zimeenea mikoani tangu hapo. Methadoni inafanikiwa kwa sababu heroini ina kitasa kimoja, na methadoni ni ufunguo wa pole pole wa kitasa hichohicho. Arosto inatulia, mtu anarudi kazini. Mafanikio hayo yametujengea tabia ya kungoja “methadoni ya meth”. Haipo. Kwa vichangamshi hakuna kitasa kimoja. Kuna pampu tatu zilizoguswa kwa viwango tofauti na nyingine kuchakaa. Wengine walifikiri dawa za sonona zinazoongeza serotonini zingerudisha breki, wakaijaribu sertralini kwa watumiaji wa methamfetamini, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2006. Haikuwasaidia, na kwa vipimo vingine waliopewa kidonge kitupu walifanya vizuri zaidi. Mirtazapini imeonyesha matumaini kiasi huko San Francisco, si zaidi ya hapo. Ni korosho tena: kujazia si kutengeneza.

Kinachofanya kazi vizuri zaidi hadi leo hakina kemikali ndani yake. Mtu anakuja kliniki mara mbili kwa wiki, mkojo wake unapimwa, ukiwa safi anapewa zawadi ndogo papo hapo, na zawadi inakua kadiri anavyoendelea kuwa safi. Idara ya maveterani ya Marekani imekuwa ikitumia utaratibu huo tangu mwaka 2011. Najua jinsi unavyosikika masikioni mwa Mtanzania mlipa kodi: tunamlipa mvuta dawa kwa kutokuvuta? Mjomba wake asiyevuta halipwi kitu. Lakini kama hoja ya breki ni sahihi, utaratibu huu una akili kuliko unavyoonekana. Mtu asiyeweza kungoja hasaidiwi kwa kuahidiwa maisha mema baada ya miaka mitano. Anasaidiwa kwa kitu kidogo leo saa nne asubuhi, kisha kesho kutwa, mpaka kungoja kurudi kuwa desturi. Vocha ya simu, sabuni, kilo mbili za unga. Gharama yake haifiki kitanda cha rufaa kimoja. Anayesema kijana huyo anahitaji malezi na hofu ya Mungu tu, asiulizwe aache imani yake. Aulizwe kama malezi yaliwahi kumwingia mtu aliyekaa macho siku tatu.

Na lipo jambo la haraka kuliko yote, ambalo halingoji kliniki mpya. Tramadoli, dawa ya maumivu inayojulikana hadi vijijini, mbali na kutuliza maumivu huziba pampu ya serotonini. Amitriptilini, dawa ya sonona na ya maumivu ya neva, nayo huiziba. Ukimpa mojawapo ya hizo mtu ambaye pampu zake tayari zimegeuzwa na ekstasi au methamfetamini, au zimezibwa na kokeini, serotonini inaweza kufurika hadi ikawa sumu: jasho jingi, homa, kutetemeka, mboni za macho kupanuka, miguu kukakamaa na kurukaruka, akili kuchanganyikiwa. Katika kituo cha afya cha uwandani, homa na kuchanganyikiwa ni malaria mpaka kithibitike kingine, na aliye zamu usiku hana kosa kuanzia hapo. Kipimo cha haraka kikitoka hasi, mawazo yaende mbele hatua moja: dawa zinazoongeza serotonini zisimamishwe, mgonjwa apozwe, apewe diazepamu, ambayo iko kabatini. Kabla ya hapo kuna swali la kumuuliza kijana anayekuja akilalamika kichwa na maumivu ya mwili, kabla mkono haujaandika tramadoli. Ni swali ambalo halimtishi wala halimwiti teja, na nesi yeyote anaweza kuliuliza kwa Kimakonde au Kiswahili: umelala lini mara ya mwisho? Akisema juzi, kalamu isubiri.